Ungo Uliorudi Umejaa

Mama yangu aliitwa Romana, na mimi sikumwona. Alinizaa akafa, mvua zikiwa bado zinanyesha, kwenye mji wa wakwe zake karibu na Kibaoni, mwaka mmoja kabla watu hawajahamishiwa kwenye vijiji vya barabarani. Haya ninayowaandikia niliyapata kwa bibi Esteria, mama wa baba yangu, aliyenilea kwa maziwa ya ng'ombe na vitendawili. Mengine nilimaliziwa na bibi Josefina, shangazi yake marehemu mama. Wote wawili walikuwepo siku ile, na wote wawili walinisimulia wakiangalia chini.

Bibi Esteria alikuwa Msukuma. Yeye na mumewe Enoka walishuka Mpimbwe, upande wa Kibaoni, na ng'ombe wao wakitafuta majani, wakapenda, wakakaa. Mtoto wao Manyanda, ndiye baba yangu, alikwenda siku moja gulioni Kibaoni kununua tenga la kubebea kuku. Akamkuta mzee wa Lusanzi anauza vitu vya mianzi, na kando ya mzee amekaa binti anasuka huku anawatega wanunuzi vitendawili. Ukitegua, unapunguziwa bei. Ukishindwa, unalipa kama ilivyo. Manyanda alishindwa vyote. Wiki iliyofuata akarudi akashindwa tena. Matenga yakajaa uani mpaka mama yake akamwuliza, "Wewe Manyanda, unafungua duka la kuku au umerogwa?"

Huyo binti ndiye Romana, na yule mzee ni baba yake, Telesphor.

Lusanzi ilikuwa nyuma ya Sitalike, unaacha barabara unaelekea vilimani. Bonde lote mianzi. Watu wa pale walilima mahindi kidogo kama watu wengine, lakini mkono wao ulikuwa kwenye mianzi: vihenge, matenga, nyungo, vitanda, hata uzio wa kanisa lao. Wakija gulioni unawajua kwa vidole, vimekatwakatwa na chane za mianzi mpaka vina makovu meupe. Na binti wa Lusanzi akiolewa, baba yake anamsukia ungo kwa mkono wake mwenyewe, anaondoka nao kichwani. Romana aliondoka na wake. Mama yake alikwishakufa zamani, mzee alimlea akisaidiwa na dada yake mwenyewe, Josefina, akakataa kuoa tena. Kwa hiyo siku ile ungo ule ulipotoka Lusanzi, nyumba ya Telesphor ilibaki na watu wawili wazima na ukimya.

Kwa bibi Esteria, Romana alikuwa mtoto, hakuwa mkwe. Walitwanga pamoja, wakategana vitendawili kutoka jikoni mpaka kisimani. Bibi alikuwa anasema, "Yule alinifanya nichelewe kuzeeka."

Uzazi ulimjia vibaya. Mto Kavuu ulikuwa umefurika, lori halipiti, baiskeli haipiti, na hospitali ya misheni iko ng'ambo. Wakunga walifanya walichojua. Mimi nilitoka nikilia, naye akawa anapungua, anapungua, kama taa inayoishiwa mafuta. Akamshika bibi Esteria mkono.

"Mama, ungo wangu mpelekeeni baba. Wakiuona wataelewa."

"Utaupeleka mwenyewe, mwanangu."

"Mpelekeeni baba," akasema tena. Alitaka kuongeza neno, midomo ikacheza, neno halikutoka. Bibi aliinama mpaka sikio likagusa mdomo wake. Hakusikia kitu.

Walimzika pale nyumbani, maana mwili haungoji mto upungue. Mzee Telesphor hakujua. Alichojua ni kwamba binti yake ana mimba, habari aliyopelekewa na dereva kabla ya masika. Barabara ilipokauka na malori kuanza kubeba mpunga mpya, ndipo wakakaa kuulizana nani atakwenda Lusanzi.

Enoka alikuwa anakohoa kifua. Manyanda alikuwa anashinda zizini na ng'ombe, ukimwita haitiki.

"Nitakwenda mimi," bibi Esteria akasema. "Mtoto alinifia mikononi. Nikimtuma mtu mwingine, baba yake atasema tulimzika kama kuku."

Akanikabidhi kwa jirani yake Hana, aliyekuwa ananyonyesha wa kwake. Akachukua ungo, akachukua mfuko wa mchele, akaondoka na shemeji yake Nkwabi, mdogo wa Enoka, mtu mrefu asiyependa safari. Walipanda juu ya magunia ya mpunga. Porini ndorobo waliwauma mpaka Nkwabi akavua shati akaanza kuwapiga nalo, huku anawatukana kwa Kisukuma na dereva anacheka. Walilala Sitalike kwa mtu wanayefahamiana, asubuhi wakashika njia ya vilimani kwa miguu.

Njiani kote bibi alikuwa anapanga maneno, anayapangua. Mwishoni akajiambia: mwenyewe alisema wakiuona wataelewa. Basi ungo utasema. Mimi nitaongeza machozi tu.

Kabla ya nyumba ya kwanza ya Lusanzi kuna kisima. Pale bibi Esteria akasimama, akaosha uso, akafungua mfuko na kuanza kumimina mchele kwenye ungo.

Nkwabi akashangaa. "Shemeji, mchele wa nini? Tunapeleka habari ya kifo au tunakwenda kuposa?"

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu, Nkwabi. Hata bakuli la jirani nikilirudisha naweka kiazi. Sasa nimrudishie baba wa watu ungo mtupu, kama vile binti yake hakuwahi kula kwangu?"

"Haya. Mimi nimebeba fimbo tu."

"Na mchele wenyewe si wangu. Aliupanda yeye, tumbo likiwa limeshamzidi. Mimi nimevuna na kutwanga. Wacha wauone mkono wake."

Akajitwika. Wakaingia kwenye mianzi. Njia ilikuwa nyembamba, mianzi imeinamiana juu mpaka mchana ukawa wa kijani. Upepo mdogo tu, na fito zikawa zinasuguana, zinatoa mlio kama mtu anayetaka kuongea akajizuia. Romana alikuwa amemweleza mlio huo mara nyingi. Alikuwa anasema, huku kwenu Kibaoni usiku unakuwa bubu.

Mwanamke wa kwanza aliyewaona alikuwa anatwanga. Akawatazama wageni, akatazama ungo kichwani kwa bibi, akatazama mchele uliojaa mpaka ukingoni. Mchi ukamponyoka. Akapiga kigelegele.

Cha pili kikajibu kutoka nyumba nyingine, cha tatu kutoka ng'ambo ya mianzi. Wanawake wakamiminika njiani wanapaza sauti kwa lugha yao. Mmoja akatangulia mbele ya wageni anacheza, mwingine akamnyang'anya Nkwabi fimbo akaibeba begani kama bunduki.

"Shemeji," Nkwabi akanong'ona, "hawa wanashangilia."

"Nasikia."

"Labda ndivyo wanavyolia."

"Hakuna watu wanaolia hivyo, Nkwabi. Nyamaza utembee."

Mzee Telesphor alitoka nyuma ya nyumba na panga mkononi, mabanzi ya mianzi yamemjaa kwenye nywele nyeupe. Alikuwa mfupi, mkavu, na maneno yake mengi kama redio iliyotiwa betri mpya. Lakini alipouona ungo alinyamaza. Akaweka panga chini. Akafuta mikono kwenye kaptula, mbele na nyuma. Akaupokea ungo kutoka kichwani kwa bibi Esteria kwa mikono miwili, akachungulia ndani.

"Umejaa," akasema. "Josefina! Njoo uone, umejaa!"

Akauweka juu ya kigoda katikati ya uwanja, kila mtu auone. Machozi yalikuwa yanamtoka na meno yako nje.

Bibi Esteria akapiga magoti. "Mkwe, nina neno."

"Neno lipo, mkwe wangu, neno halina miguu. Mgeni hasemi na vumbi la njia. Kwanza maji, kwanza chakula. Hili moja tu nijibu: wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," bibi akajibu, kwa kuwa ndio ukweli.

Mzee aliruka. Nawaambia aliruka, mtu wa umri ule. "Wa kike! Mnasikia? Wa kike! Leo leo naanza ungo wake, asije akaolewa mimi nikiwa nimekufa!"

Bibi akachanganyikiwa. Wamejuaje habari ya mtoto? Akajiambia labda kuna dereva aliyeleta habari nusu, akaacha nusu nyingine. Akageuka kumtafuta Nkwabi amsaidie, lakini Nkwabi alikuwa amezungukwa na wazee, kibuyu cha pombe kimewekwa mapajani mwake, naye anakitazama kama mtu aliyepewa nyoka ashike.

"Mgeni wa Lusanzi haingii ndani kabla hajaonyeshwa mianzi," mzee akasema. "Twende, mkwe."

Akamchukua. Bibi alimfuata akiwaza kwamba huko ndani, wakiwa wawili tu, atamwambia.

Mzee alitembea anapiga mianzi kwa kiganja, moja moja, kama mtu anayesalimia watoto wake. "Kitendawili!"

"Tega," bibi akajibu, kwa mazoea.

"Askari wangu wamesimama mstari, wote matumbo matupu."

"Mianzi."

"Eh! Nani kakufundisha? Usiniambie, namjua. Kitendawili!"

"Tega, lakini mkwe, nilikuwa nataka..."

"Mgeni wangu kaja hana mzigo, wenyeji wote hawalali."

Bibi alisimama. "Mtoto mchanga," akasema polepole.

Mzee akacheka mpaka akashika mti. "Hapa kijijini, mkwe, hakuna aliyewahi kunifanya nitoe mji. Kila mtu anakuja na kitendawili chake, anasema leo mzee utanipa Tabora, utanipa Mpanda. Wapi! Naondoka na miji yangu yote. Romana ndiye alikaribia. Mara moja tu."

"Mkwe, Romana..."

"Romana! Usinianzishie huyo, hatutarudi nyumbani. Unaona pale mianzi ilipobanana? Akiwa mdogo, akikosea anajificha pale. Shangazi yake anamtafuta na fimbo, mimi namwona, najifanya nachana fito. Na hapa, hiki kisiki, hapa nilikata mwanzi wa ungo wake. Nilizunguka bonde lote kuutafuta. Nikasema huu pingili zake ni ndefu, hautamwangusha njiani."

Akainama, akashika kisiki, akakaa hivyo kidogo. Aliponyanyuka sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nikwambie kitu, mkwe. Mama yake alinifia hivyohivyo, kwenye uzazi. Tangu nilipopata habari kwamba Romana ana mimba, sijalala. Lori likilia kule barabarani, moyo unapasuka. Nikawa nasema, ungo ukirudi vibaya, mimi nitakuwa mtu wa nini? Halafu leo nakuona umeubeba, umejaa. Umenipa usingizi, mama Manyanda. Sina cha kukulipa."

Bibi Esteria alifungua mdomo. Mianzi ilisuguana juu yao. Akaufunga. Neno moja lilikuwa limemwingia kama mwiba: ukirudi vibaya. Ungo unarudije vibaya?

Akaomba aende jikoni kwa wanawake, kwamba miguu inamuuma.

Jikoni alimkuta shangazi Josefina anamnyonyoa jogoo, anaimba. Alikuwa mwanamke mnene mwenye utani, hakuwa na mtoto wake mwenyewe. Akamsogezea kigoda.

"Kaa, mama wa ng'ombe. Nasikia nyie mkipata mjukuu mnachinja dume. Sisi maskini wa mianzi tuna jogoo huyu tu, na mwenyewe mzee kama kaka yangu."

Bibi hakucheka. "Mama Josefina, niambie. Ungo wa binti ukirudi kwenu, una maana gani?"

"Hujui? Romana hakukwambia?" Josefina akaendelea kunyonyoa. "Kwetu binti akizaa salama, mtoto mzima, mama mzima, ungo unarudi una nafaka ndani. Nafaka tunaila, ungo tunaurudisha na zawadi. Na binti akifa huko alikoolewa," akajigusa kifua kwa ishara ya msalaba, "ungo unarudi mtupu, umegeuzwa, umemfunika kichwa anayeuleta. Hapo hatuulizi mtu. Tunaanza kulia hukohuko kisimani."

Akainua macho. Bibi Esteria alikuwa amekaa, mikono imelegea mapajani.

"Kwetu," akasema, "chombo cha mtu hakirudi kitupu."

Jogoo akaanguka kwenye majivu.

Walitazamana. Bibi Josefina aliniambia kwamba alielewa mara moja, na kwa muda akaomba asiwe ameelewa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mtoto?"

"Mtoto yupo. Wa kike, kama nilivyosema. Ananyonya kwa jirani."

"Romana?"

"Tumemzika. Mto ulikuwa umejaa. Alisema tulete ungo, mtaelewa. Hakumaliza."

Josefina akachukua upindo wa kanga yake akaujaza mdomoni, akaung'ata mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakutoa sauti.

"Lia, mama," bibi akamwambia. "Mbona unajiua hivyo? Lia."

Josefina akatikisa kichwa, akatoa kanga mdomoni. "Siwezi. Juu ya ungo uliojaa hakuna kulia. Ni mwiko. Mpaka umwagwe, na wa kuumwaga ni yeye aliyeusuka."

"Basi mwambie. Wewe ni dada yake."

"Mimi? Mimi nimsogelee yule mtu leo nimwambie? Habari umeleta wewe."

"Nimejaribu mara tatu, hanipi nafasi. Maneno yake hayana mlango."

Josefina akakaa chini kwenye majivu, karibu na jogoo. "Kuna mlango mmoja tu," akasema baadaye. "Akitegewa kitendawili ananyamaza. Hapo tu."

Uwanjani watu walikuwa wameshakuwa wengi. Damiano, jirani wa Telesphor, alikuwa ameleta ngoma. Mzee amekaa chini, miguu ameinyoosha, anachana mwanzi mbichi kwa kisu, chane zinadondoka nyembamba, nyeupe, kama nywele. Ulikuwa wa ungo mdogo, ambao ungeweza kuufunika kwa viganja viwili. Ungo wangu huo. Pembeni yake, kwenye kigoda, mchele unang'aa juani.

Bibi Esteria akatoka jikoni, Josefina nyuma yake. Akaenda mpaka mbele ya mzee, akakaa chini bila mkeka.

"Mkwe," akasema. "Kitendawili."

Ngoma ikanyamaza. Watu wakacheka, wakasogea. "Mgeni anataka mji! Mama wa ng'ombe anataka mji!"

Mzee akaweka kisu chini kwa furaha. "Tega, mkwe! Tega tuone Wasukuma wamekufundisha nini."

Bibi alisema polepole, kwa sababu alijua hataweza kukirudia.

"Aliingia mmoja, wakawa wawili, akatoka mmoja. Aliyetoka siye aliyeingia."

Watu wakaanza kunong'onezana, wanahesabu kwa vidole. Kijana mmoja akasema, "Kifaranga na yai." Mwingine akasema, "Mahindi." Damiano akacheka akasema huyu mama leo kaja na moto.

Tabasamu la mzee lilikuwa bado liko usoni, limesahaulika pale. Alimtazama bibi Esteria, akamtazama dada yake aliyesimama nyuma na majivu kwenye kanga, akaurudia uso wa bibi. Akauweka chini ule mwanzi mbichi.

"Nakupa mji," akasema.

Kelele zikaruka. Mzee Telesphor katoa mji! Hayajawahi kuonekana. Lakini waliokuwa karibu waliuona uso wake, wakanyamaza, na ukimya ukatembea kutoka mbele kwenda nyuma.

Kanuni mnaijua. Ukipewa mji, unakwenda mjini, unarudi na jibu. Bibi akavuta pumzi.

"Haukutoshi?" mzee akawahi. "Nakupa Mpanda na reli yake. Nakupa Tabora. Nakupa Sumbawanga, nakupa Karema na kanisa. Nakupa Lusanzi hii, mianzi yote, yangu na ya baba yangu. Chukua miji yote, mama Manyanda. Lakini usikitegue."

Bibi Esteria alilaza paji la uso kwenye vumbi mbele ya miguu yake. Hakukitegua.

Mwanamke mmoja nyuma akaanza, "Uwii..."

"Nani analia?" Mzee alinyanyuka kwa ghafla, akauchukua ungo kutoka kwenye kigoda, akakaa nao mapajani, mikono ameuzungushia. "Ungo umejaa. Macho yenu hayaoni? Umejaa. Juu ya ungo uliojaa hakuna kulia."

Yule mwanamke akajiziba mdomo kwa viganja.

Wakakaa. Kivuli cha nyumba kikatoka mlangoni kikafika katikati ya uwanja, bado wamekaa. Hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu jambo lile halikuwahi kutokea. Wazee walitazamana, hakuna aliyethubutu kumsogelea. Mtu akikohoa anageukiwa. Wanawake walikuwa wamevimba mashavu, vitambaa mdomoni, na mianzi peke yake ndiyo iliyokuwa inalia bondeni.

Josefina akapiga magoti. "Kaka. Mwaga."

"Nimwage nini?"

"Mwaga, kaka. Watu wana machozi, hawana pa kuyaweka."

Mzee akautazama mchele. "Ni wa nani huu?" akauliza.

Bibi Esteria akajibu kutoka pale chini. "Wake. Aliupanda mwenyewe kwenye majaruba. Mimi nilivuna tu. Niliuweka kwa heshima, mkwe. Sikujua."

Mzee akaingiza mkono kwenye mchele, akauacha humo, kama unavyoingiza mkono majini kusikia ubaridi wake.

"Sasa huu nitaumwagaje?" akasema. "Mtoto wangu kalima na mimba, mimi nikamwage chini kuku wadonoe?"

Akachota gao moja, la kujaza kiganja. Akamtazama dada yake.

"Kinga mkono."

Josefina akakinga. Mzee akamwekea mchele kiganjani, akamfumba vidole. Akanyanyuka na ungo, akaenda kwa Damiano. "Kinga." Akaenda kwa wazee, kwa wanawake waliokuwa wamepiga vigelegele, kwa yule aliyecheza njiani. Kila mtu gao lake. Hakuruka mtu. Nkwabi, ambaye tangu afike hakuwa amesema neno kwa mwenyeji yeyote, alikinga mikono miwili, akainamisha kichwa. Bibi Esteria alikuwa wa mwisho.

"Na mimi, mkwe? Mimi niliyekufanyia hivi?"

"Wewe ndiye uliyemfumba macho. Kinga."

Zikabaki punje zilizonasa kwenye msuko. Mzee akakaa chini akaanza kuzitoa kwa ukucha, moja, halafu nyingine, anaangalia huku na huku kama kuna iliyojificha, anairudia sehemu aliyokwishaimaliza. Hakuna aliyemharakisha. Kila punje aliitia kwenye kiganja cha bibi Esteria.

Zikaisha.

Akaugeuza ungo, akaupiga mgongoni kidogo kama wanavyofanya wanawake wakimaliza kupepeta. Akaufunika kichwani kwake mwenyewe. Kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka, bibi Josefina alisema, ilikuwa ya kitoto, alikuwa anamwita mama yake.

Ndipo Lusanzi ikalia. Walilia uwanjani, walilia njiani, wengine wakaingia kulilia kwenye mianzi. Na kwa kuwa hakuna aliyejua mila ya mchele ule, kama unaliwa au unapandwa au unazikwa, hakuna aliyethubutu kuuachia. Walilia ngumi zimefumbwa, mchele ndani, wasiweze hata kujifuta machozi. Babu yangu Telesphor peke yake ndiye aliyelia mikono mitupu.